UZI: Unene wa watoto na somo la PE

1/ Kila msimu wa siasa tunaahidiwa chakula shuleni. Unene wa watoto hauguswi. Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Singapore ilianzisha Trim and Fit mwaka 1992. Wanafunzi wanene walitengwa wakati wa mapumziko wakafanyishwe mazoezi. Kufikia 2002 unene ulishuka kutoka 14% hadi 9.8%.

3/ Lakini walichekwa. TAF ukiisoma kinyume ni FAT, yaani "mnene". Mpango ukafutwa 2007.

4/ Na sisi? Chini ya 8-4-4, iliyoanza 1985, PE ilikuwa kwenye ratiba lakini haikutahiniwa KCPE. Mara nyingi hesabu ikaimeza.

5/ Kwa hivyo akija na sera, muulize: utachezesha watoto wote, ama utaaibisha wachache?