Mfano wa Meli na Ushahidi wa Tarehe: Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika

Fundi anayeunda mfano mdogo wa manowari hulazimika kuwa mwanahistoria. Tutazame Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyotishia ufuko wetu wa Kongo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915.

Je, mfano wake uwe na mizinga gani? Jibu hutegemea tarehe. Baada ya manowari Königsberg kuangamia katika delta ya Rufiji, Julai 1915, mmoja wa mizinga yake ya sentimita 10.5 ulifungwa juu ya meli hiyo. Lakini Juni 1916, ndege za Wabelgiji ziliporuka kutoka upande wa Kongo kuishambulia Kigoma, mizinga ya kweli ilikuwa imekwisha kuondolewa, na mahali pake pamewekwa ya miti.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa hiyo picha ya Liemba, ingawa yaonyesha chombo kile kile, haitoshi kuthibitisha sura ya Götzen.

Basi fundi achague kwanza mwezi na mwaka, kisha apime kila picha na kila hati kwa tarehe hiyo. Katika mfano wa Juni 1916, mzinga wa mti ndio ulio sahihi.