Obijekti Ndani ya Jedwali

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali. Tatizo lililomsukuma lilikuwa la wakati wake: programu ililazimika kujua jinsi data zilivyopangwa ndani ya mashine, na mpangilio huo ulipobadilika, programu nayo iliharibika. Codd alitaka data zijitegemee, zisomwe hata na programu ambayo bado haijaandikwa.

Kufikia hapo, mkondo mwingine wa fikra ulikuwa umekwisha kuanza Norway. Katika lugha ya Simula 67, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliziweka data pamoja na maagizo yanayozishughulikia, ndani ya kitu kimoja kilichoitwa obijekti. Mkondo huo ulipitia Smalltalk na C++, ukafika kwa Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Mkondo mmoja, basi, uliitoa data nje ya programu, na mwingine uliifungia ndani yake.

Mikondo hiyo ilikutana ndani ya seva za programu. Februari 1997 toleo la Java 1.1 lilileta uwezo wa kuikunja obijekti, pamoja na zote inazozitegemea, kama mkeka: ikawa mfululizo wa baiti unaoweza kuhifadhiwa na kukunjuliwa baadaye. Mwaka uliofuata Sun ilitoa kanuni za Enterprise JavaBeans, na waandishi wa programu wakahitaji mahali pa kuweka obijekti zao. Hifadhidata ya uhusiano, ile ya majedwali aliyoyapendekeza Codd, ilikuwapo tayari, nayo ilikuwa na safu ya BLOB, inayopokea baiti zozote bila kuuliza ni za nini. Wengi wakaitumia.

Kwa nini? Wapo wanaosema ni uvivu. Maelezo hayo hayanitoshelezi. Njia rasmi ya miaka ile, ya Enterprise JavaBeans, ilidai faili kadhaa kwa kila aina ya obijekti, na kuitawanya obijekti yenye matawi mengi katika majedwali mengi kulikuwa kazi ya siku nyingi. BLOB ilidai safu mbili tu, ya ufunguo na ya baiti.

Gharama ilionekana baadaye. Hifadhidata haikuweza kutafuta ndani ya baiti hizo, wala programu ya lugha nyingine haikuweza kuzisoma. Tena, Java huipa kila klasi, yaani aina ya obijekti, namba ya toleo, na mwandishi asipoitaja mwenyewe, namba hukokotolewa kutokana na umbo la klasi. Ukiongeza hata mbinu moja ya wazi, namba hubadilika, na rekodi za jana hukataa kukunjuka. Lile tatizo la Codd lilikuwa limerudi.

Mwaka 2001 Gavin King alianzisha Hibernate, iliyogawa obijekti katika safu za kawaida kwa jasho dogo zaidi, na mwaka 2006 mawazo yake yakaingia katika kanuni rasmi za Java. Hata hivyo hoja haikuisha. Mwaka 2009 Bret Taylor alieleza jinsi mtandao wa kijamii wa FriendFeed ulivyohifadhi obijekti za Python zilizokunjwa ndani ya hifadhidata ya MySQL, huku sehemu za kutafutia zikiwekwa katika majedwali ya pembeni. Sababu yao ilikuwa nzito: kuongeza safu katika jedwali kubwa kulilifunga kwa saa nyingi. Mwaka 2014 hifadhidata ya PostgreSQL 9.4 ikaleta jsonb, muundo unaohifadhi kitu kizima na bado unaoruhusu kutafuta ndani yake. Kwa data za kudumu, naona hapo ndipo hoja ya BLOB ilipopoteza nguvu.

Mwaka 2015 ukaongeza sababu ya usalama, pale watafiti walipoonyesha kwamba kukunjua baiti zilizotoka kwa mtu asiyeaminika kunaweza kumpa nafasi ya kuendesha amri zake ndani ya seva.

Aina moja ya matumizi imebaki na haki yake: kikao cha mtumiaji, kinachohifadhiwa ili seva nyingine ikipokee ya kwanza ikizimika. Seva ya Java iitwayo Tomcat inaweza kukiweka katika jedwali kikiwa kimekunjwa, na kwa kawaida kikao kisichotumika hufutwa baada ya dakika 30. Hakuna ripoti ya mwisho wa mwaka itakayokihitaji.