Goma: maji kutoka mgongoni hadi kwenye pompi ndogo

Goma, Kivu ya Kaskazini. – Wakaaji wa mji huu wanaijua ile sauti. Umeme ukirudi katikati ya usiku, kabla hujawasha hata taa, unasikia mngurumo mwembamba kutoka parsele tatu au nne za jirani. Ni pompi ndogo ya umeme, ile unayoibeba kwa mkono mmoja. Inavuta maji kutoka kwenye pipa lililo chini uani na kuyapandisha kwenye tangi lililo juu ya nyumba. Ndugu zetu waliohamishwa na vita, ambao wengi wao leo wanalala katika familia zilizowapokea, wanaisikia pia, na wanaona asubuhi jinsi kifaa hicho kidogo kinavyoleta ugomvi kwenye robine. Ugomvi huo una historia ndefu kuliko pompi yenyewe.

Mgeni anayefika Goma hushangaa kwamba mji ulio kando ya ziwa una shida ya maji. Ziwa Kivu liko pale chini, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayaishi. Lakini Goma imekaa juu ya mawe ya volkeno. Mvua ikinyesha, maji yanapotelea ndani ya mawe kama kwenye chujio. Hakuna mto unaopita mjini, na kisima hukichimbi kwa sururu. Ukiondoa maji ya mvua, kila tone tunalokunywa lazima lipandishwe kutoka ziwani. Ndiyo maana tangu mji ulipokuwa kituo kidogo mkabala na Gisenyi, swali letu limekuwa moja: nani anayapandisha?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa wanawake na wasichana. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mama wa Kivu huibeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, huku mtoto akiwa amefungwa kifuani. Jamaa wa chukudu wamesaidia sana, na mji umewajengea sanamu. Mama wa bidoni hana sanamu.

Katika wakati wa Wabelgiji, serikali ya koloni iliunda Regideso, mwezi wa Desemba 1939. Kazi yake ilikuwa kugawa maji, na wakati ule umeme pia. Umeme ulipata kampuni yake baadaye, SNEL, iliyoundwa mwaka wa 1970. Lakini maji na umeme havikuachana. Hapa Goma pompi kubwa zinavuta maji ziwani na kuyasukuma hadi kwenye matangi yaliyo mahali pa juu, kisha yanashuka yenyewe kwenye mabomba. Umeme ukikatika, pompi zinasimama. Matangi yakiisha, robine inatoa hewa. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitegemea Ruzizi, upande wa Bukavu, ambako stesheni ya kwanza ilianza kazi miaka ya mwisho ya ukoloni. Waya ni mrefu na mji ulikua haraka.

Mwaka wa 1994 tuliona maana ya kukosa pompi. Katika mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia hapa kwa siku chache tu. Walikunywa maji ya ziwa kama yalivyo. Kolera ikafuata, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa. Mawe yaleyale yanayotunyima visima yaliwanyima vyoo, hata makaburi. Mashirika yalilazimika kuvuta maji ziwani kwa mashine na kuyasomba kwa malori hadi Kibumba, mahali ambapo hapakuwa na maji kabisa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo mno, sikumbuki. Mama yangu anakumbuka, na hadi leo hamwachi mtu yeyote anywe maji yasiyochemshwa katika nyumba yake.

Ninachokumbuka mimi ni tarehe 17 Januari 2002. Lava ya Nyiragongo ilishuka, ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Tuliporudi kutoka Gisenyi, bomba la mtaa wetu lilikuwa limefunikwa. Nilikuwa na miaka 10 na nilipewa bidoni ya lita 10. Dada yangu mkubwa alipewa ya 20. Mimi niliendelea na shule, yeye alipoteza mwaka ule kwa sababu ya maji. Hatulizungumzi sana jambo hilo nyumbani, lakini ninalifikiria kila ninaposikia pompi ikinguruma.

Hizi pompi ndogo ninazosema ziliongezeka, kwa jinsi nilivyoona mimi, umeme ulipoanza kukaa muda mrefu kidogo katika nyumba. Mwezi wa Desemba 2015 kiwanda cha umeme cha Matebe, huko Rutshuru, kilizinduliwa chini ya mbuga ya Virunga, chenye nguvu ya megawati 13 na zaidi. Nyumba zilizozoea mshumaa zikapata umeme. Aliyeweza akanunua friji. Mwingine akanunua pompi ya nusu farasi, yaani wati 370 hivi, na nionavyo mimi huyu wa pili ndiye aliyefanya ya maana. Hesabu si ngumu. Tangi la lita 1,000 ni bidoni 50. Kuzipandisha kwenye ngazi ni kazi ya asubuhi nzima ya msichana mmoja, pengine na mchana wake. Pompi hiyo, ikitoa lita 30 kwa dakika, inamaliza kwa nusu saa na dakika chache, kwa umeme usiofika robo ya kilowati-saa.

Lakini mafundi wa mtaani wanakuambia kwamba pompi hizi zinasukuma mbali ila hazivuti mbali. Wanasema kweli, na sababu yake ilitafutwa Ulaya zamani sana. Mwaka wa 1638 Galileo, Mwitalia, aliandika juu ya pompi iliyokataa kuvuta maji zaidi ya kimo fulani, kama mita 10 kwa vipimo vyetu. Mwanafunzi wake Torricelli akaeleza: pompi haiyavuti maji. Inaondoa hewa ndani ya bomba tu, kisha uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Mwaka wa 1648, huko Ufaransa, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme na bomba la zebaki, kwa ombi la shemeji yake Pascal, akaona zebaki inashuka kadiri anavyopanda. Juu mlimani hewa ni nyepesi.

Sasa sikilizeni. Puy de Dôme ni volkeno iliyozimika, na kilele chake kina mita 1,465, karibu sawa na uso wa Ziwa Kivu. Hewa ambayo Périer aliipanda mlima kwenda kuipima ndiyo tunayoivuta sisi kila siku. Kwa hiyo zile mita 10 za watu wa pwani, kwetu ni 8 na nusu, tena kwenye karatasi. Kwa kazi, usitegemee zaidi ya 6. Weka pompi chini karibu na maji na uiache isukume juu. Usiiweke kwenye paa ukaitegemea ivute. Uijaze maji kwanza kabla ya kuiwasha, na mwishoni mwa tiyo ya kuvutia uweke klape, kile kilango kidogo kinachozuia maji yasirudi. Pompi inayozunguka bila maji inaungua. Ninalijua hilo kwa sababu ya kwanza niliyonunua niliiunguza mwenyewe ndani ya juma moja, nikalaumu aliyeniuzia. Na umeme ukiwa dhaifu, pompi inanguruma bila kuzunguka: izime mara moja. Usiishike kwa mikono yenye maji, wala usiwaache watoto karibu na waya wake.

Gurudumu lililo ndani yake pia ni la zamani. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akiishi Ujerumani, alionyesha mwaka wa 1689 kwamba mabawa yanayozunguka yanaweza kuyarusha maji. Zilipita karibu karne mbili kabla ya kupata mota ndogo ya kuyazungusha vizuri. Hataza za Nikola Tesla, huko Marekani, ni za mwaka wa 1888. Na miaka zaidi ya mia baadaye, hapa kwetu bado tunahesabu bidoni.

Turudi kwenye ugomvi. Watu wengine hawavuti kutoka kwenye pipa. Wanaunga pompi moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Maji yanapokuja na nguvu ndogo, aliye na pompi anayavuta yote, na jirani aliyeamka saa tisa ya usiku kungojea anaona robine yake inakohoa hewa. Lakini wivu si kitu pembeni ya hatari iliyopo. Mabomba yetu mengi yanapita juu ya mawe, yamepasuka hapa na pale, karibu na mifereji na vyoo. Bomba likiwa na maji yenye nguvu, tundu linatoa maji nje. Likinyonywa na pompi, tundu lilelile linavuta uchafu ndani. Uchafu huo haumchagui mwenye pompi wala asiye nayo. Katika mji uliozika watu kwa kolera, mimi siwezi kuita jambo hilo ujanja wa mtu binafsi.

Pompi hii pia haituokoi siku kubwa zinapokuja. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, lava ikafika Buhene, na mitaa mingi ikabaki bila maji. Siku tano baadaye, mitaa 10 kati ya 18 iliamriwa kuhama, watu wakaelekea Sake kwa miguu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika ndani ya mji, umeme ulikatika na pompi kubwa zikasimama. Katika siku zile nilimwona mtu mwenye tangi la lita 2,000 juu ya nyumba akishuka ziwani na bidoni mbili, nyuma ya watu waliotoka kambini. Alikuwa hajui kufunga kamba. Mama mmoja alimfungia.

Katika parsele tunamopanga sasa tuko familia nne, pamoja na ndugu waliotoka Masisi. Pompi ni moja, na iliungwa kwenye bomba hadi mwaka uliopita. Tulikaa, tukasemezana kwa sauti za juu, kisha tukakubaliana: robine inajaza kwanza mapipa mawili ya lita 200 kwa nguvu yake yenyewe, na pompi inavuta kutoka kwenye mapipa hayo tu. Kabla ya kuiwasha, kila familia inachota bidoni mbili, na waliotoka Masisi wanachota wa kwanza kwa sababu wao hawana chombo cha kuweka akiba. Umeme tunachanga. Wa Masisi hawana cha kuchanga kwa sasa, kwa hiyo kijana wao ndiye anayeamka usiku kuiwasha, na anakaa karibu nayo hadi pipa liishe, ili isiungue kama ile yangu.