Pleriksafori na Mchangiaji Asiyetajwa

Pleriksafori haikubuniwa kwa ajili ya wachangiaji wa seli shina. Katika miaka ya 1990 ilichunguzwa kama dawa ya VVU. Watu wenye afya waliojitolea kuijaribu walionekana kuongezeka chembe nyeupe za damu, kwani dawa hiyo hulegeza kifungo kinachozishikiza seli ndani ya uboho. Desemba 2008 Marekani iliiidhinisha itumiwe pamoja na filgrastimu, kwa wagonjwa wa limfoma na mieloma watakaorudishiwa seli zao wenyewe. Mchangiaji mwenye afya hakutajwa. Filgrastimu pekee isipomtosha mtu huyo, ambaye hakuja kutibiwa, daktari hupima: amdunge pleriksafori nje ya idhini yake, au amlaze kwa nusu kaputi, uboho ufyonzwe kutoka nyonga.