Rangi Haifuti Mstari

Anayechora kwa mkono wahusika wa katuni anaowapenda hufika siku moja mahali pagumu: mchoro wa wino unapendeza, lakini rangi ikiingia tu, kazi yote inachafuka. Mimi nasomea historia, kwa hiyo nilipotaka kupaka rangi vizuri zaidi nilikwenda kuuliza wenzetu wa zamani walifanyaje. Nikaanza na Tintin.

Hergé, ambaye jina lake halisi ni Georges Remi, alianza kumchora Tintin mwaka 1929 katika gazeti la Brussels, kwa wino mweusi. Vitabu vya rangi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho vilianza mwaka 1942, wakati wa vita, karatasi ikiwa adimu. Mchapishaji wake, Casterman, alitaka vitabu vya kurasa 62 vyenye rangi, na vile vya zamani vilivyozidi kurasa 100 ikabidi vifupishwe na kuchorwa upya.

Mbinu yao ilikuwa rahisi kuielewa. Mchoro wa wino ulichapishwa kwa wino hafifu kwenye karatasi nyingine, na rangi za maji zikapakwa hapo. Mstari mweusi ulibaki peke yake kwenye filamu, mpaka viwili hivyo vilipokutana wakati wa kuchapa. Brashi haikuugusa mstari. Rangi zenyewe zilikuwa tulivu: shati moja, rangi moja, vivuli vichache mno. Mimi sina mtambo wa kuchapa, lakini wazo hilo linafaa mezani kwangu. Nachora kwa penseli hafifu, napaka rangi za maji nikianza na nyepesi, nasubiri zikauke kabisa, kisha ndipo napitisha wino. Mstari unabaki safi.

Kufikia hapo ni ufundi mtupu. Ugumu unaanza kwenye kitabu cha Tintin nchini Kongo.

Hadithi hiyo ilitoka gazetini mwaka 1930 na 1931, Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Hergé hakuwa amefika huko. Mwaka 1946 kitabu kilitoka upya kwa rangi, na maneno yakapunguzwa makali: somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Nyuso hazikubadilika hivyo. Midomo iliyokuzwa kupita kiasi ilibaki, macho ya mviringo yalibaki, na watu walibaki wakifanana kama waliotoka kwenye muhuri mmoja. Rangi ilipita juu ya dharau iliyokwisha kuchorwa. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi la Mkongo aliyetaka kitabu hicho kipigwe marufuku, na bado kinauzwa.

Mashabiki hupenda kujadili ni kahawia ipi inafaa ngozi zetu. Ni swali zuri, na nina jibu: changanya nyekundu na njano, ongeza buluu kidogo kidogo, na kivuli kipate buluu zaidi, wala usikimbilie nyeusi. Lakini ukipaka kahawia hiyo nzuri kwenye uso uliochorwa mwaka 1930, utapata dharau iliyopakwa vizuri.

Ndiyo maana nikimchora Coco, kijana anayefuatana na Tintin katika safari hiyo, naanza na penseli. Nampa pua yake mwenyewe, mdomo wa kawaida, macho yanayotazama kitu. Shabiki ana uhuru ambao mchapishaji hakuutumia mwaka 1946: anaweza kuanza upya kwenye karatasi tupu. Mdogo wangu anajifunza kuchora kwa kunakili kurasa zangu, na yeye huanza na mstari. Rangi huijia baadaye.