Uwanja wa Ndege wa Kisumu: Kutoka Majini Hadi Nchi Kavu

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Miaka 30 baadaye ulikuja usafiri mwingine, nao haukuhitaji hata njia ya kurukia. Mwanzoni mwa 1931 kampuni ya Uingereza, Imperial Airways, ilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, Kisumu ikiwa kituo chake. Abiria na mifuko ya barua walibadili vyombo mara kadhaa, hata garimoshi likiwemo. Kuanzia Khartoum walipanda Short Calcutta, ndege ya injini tatu yenye tumbo la mashua, ambayo ilitua juu ya maji ya Ghuba ya Winam. Ziwa Victoria lenyewe ndilo lililokuwa uwanja.

Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town, na hapo Kisumu ikapata kazi iliyoipa uzito. Ndege za majini ziliishia hapa. Aliyeendelea kusini alishuka ziwani, akapanda ndege ya nchi kavu kuelekea Nairobi, Dodoma na Mbeya. Mji mdogo wa bandari ukawa makutano ya bara zima. Ndege kubwa zaidi za Short Empire zilipokuja mnamo 1937, zilitua ziwani kisha zikashika njia ya Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Vita Kuu ya Pili iliongeza umuhimu huo: kuanzia 1940, Bahari ya Mediterania ilipofungwa, barua za Durban kwenda Cairo, India na Sydney zilipitia Kisumu.

Amani ilileta ndege za nchi kavu zenye uwezo wa kwenda mbali, na kufikia mwisho wa 1950 safari za ndege za majini kutoka Uingereza zilikuwa zimekoma. Kisumu ikabaki na uwanja wake wa kando ya ziwa, upande wa Usoma na Kogony, ikihudumiwa na East African Airways. Shirika hilo lilipovunjika mnamo 1977, Kenya Airways ikachukua nafasi yake. Kwa miongo mingi uwanja ulikuwa wa safari za ndani tu. Sioni haki katika hilo: mji uliounganisha Cairo na Cape Town uliachwa uwe kituo cha mwisho cha njia ya Nairobi.

Upanuzi uliokamilika mnamo 2011 ulibadilisha sura. Njia ya kurukia ilirefushwa kutoka takriban kilomita 2 hadi mita 3,300, jengo jipya la abiria likasimama, na uwanja ukapewa hadhi ya kimataifa. Rais Mwai Kibaki aliufungua rasmi mapema 2012. Wenyeji wa Kogony, ambao ardhi yao ndiyo iliyobeba kazi hii, wamedai fidia kwa miaka mingi, na historia yoyote ya uwanja huu isiyowataja ina pengo.

Leo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya ndiyo inayousimamia. Safari ya Nairobi, ambayo kwa barabara humaliza karibu siku nzima, huchukua chini ya saa moja. Marubani huhofia zaidi mawingu ya radi ya alasiri yanayojikusanya juu ya ziwa na milima ya Nandi, na ndege wa porini wanaoruka kando ya maji.

Sehemu kubwa ya safari za ratiba bado zinaelekea Nairobi na Mombasa, ilhali Entebbe na Mwanza ziko karibu zaidi kuliko Mombasa. Minofu ya samaki aina ya mbuta inayouzwa ng'ambo nayo huondoka kwa lori la barafu. Njia ya mita 3,300 ipo tayari. Kinachokosekana ni vyumba vya baridi vya mizigo, na mashirika yatakayothubutu kuvuka ziwa.