Rubani na Ramani: Historia ya L'Africaine ya Meyerbeer na Suala la Kuifasiri

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi anapoikabili opera hukumbana na tatizo ambalo tamthilia ya kawaida haimletei kwa kiwango hicho. Opera huundwa na matini mbili: maneno yaliyotungwa na mtu mmoja na muziki uliotungwa na mwingine, na mara nyingi mbili hizi hazisemi jambo moja. Isitoshe, opera haikamiliki hadi ifikishwe jukwaani, ambako mwelekezi, waimbaji na wapambaji huitia maana nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza opera fulani ina maana gani, hatuna budi kuuliza ni matini ipi tunayoizungumzia na ni akina nani walioifikisha kwetu katika hali iliyo nayo.

Makala haya yanadhamiria kulichunguza suala hilo kwa kuirejelea L'Africaine, yaani "Mwanamke Mwafrika", opera ya Giacomo Meyerbeer iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 28 Aprili 1865. Tumeiteua kwa sababu mbili. Kwanza, mhusika wake mkuu wa kiume ni Vasco da Gama, ambaye safari yake ya 1498 ni sehemu ya historia ya pwani yetu. Pili, tangu Edward Said alipochapisha Culture and Imperialism mwaka 1993, mjadala kuhusu opera na ubeberu umeielemea sana Aida ya Verdi, iliyozinduliwa Cairo mwaka 1871. L'Africaine iliitangulia Aida kwa miaka 6 na inastahili nafasi yake katika mjadala huo. Hoja yetu ni kwamba opera hii inakiri jambo ambalo masimulizi mengi ya "ugunduzi" yamelificha: Mreno alionyeshwa njia na watu wa bahari aliyodai kuigundua. Hata hivyo, inalikiri jambo hilo kwa kuligeuza. Ujuzi wa rubani unafanywa kuwa mapenzi ya mwanamke mtumwa.

Historia ya Matini

Meyerbeer (1791-1864) alizaliwa karibu na Berlin katika familia ya Kiyahudi, akapata umaarufu wake mkubwa Paris. Mkataba wa kuitunga opera hii aliutia sahihi mwaka 1837 pamoja na Eugène Scribe, mtunzi wa maneno aliyeshirikiana naye katika Robert le diable (1831) na Les Huguenots (1836). Kazi haikwenda haraka. Katika rasimu ya kwanza Vasco da Gama hakuwamo kabisa. Shujaa alikuwa baharia wa Kihispania asiyejulikana katika historia, na sehemu ya kisa ilitokea barani Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 mpango huo ulibadilishwa. Meyerbeer alikuwa ameusoma Os Lusíadas, utenzi wa Luís de Camões uliochapishwa mwaka 1572 kuhusu safari ya Vasco, na sasa kisa kikahamishiwa Ureno na India. Jina la kazi likawa Vasco da Gama. Sélika, aliyekuwa Mwafrika, akawa malkia wa Kihindi.

Scribe alifariki mwaka 1861, na Meyerbeer akamfuata tarehe 2 Mei 1864, kabla ya mazoezi kuanza. Jukumu la kuitayarisha opera kwa ajili ya jukwaa alipewa François-Joseph Fétis, mtaalamu wa muziki kutoka Ubelgiji. Fétis alikata sehemu nyingi, kwani muziki ulioachwa ulikuwa mrefu kupita kiasi, kisha akarudisha jina la zamani, L'Africaine, ambalo umma wa Paris ulikuwa umelisikia kwa miaka mingi. Nchi ya Sélika ikawa kisiwa ambacho aghalabu hufahamika kuwa Madagaska. Lakini ibada ya Kihindi haikuondolewa. Katika tendo la 4 malkia huyu "Mwafrika" anatawazwa mbele ya kuhani wa Brahma, naye anaapa kwa miungu ya Kihindi.

Wasomaji wengi wamelicheka kosa hili na kuliacha hapo. Sisi tunaliona kuwa ushahidi. Linaonyesha kwamba katika nyumba ya opera ya Paris ya 1865, Afrika na India ziliweza kubadilishana nafasi bila hadhira kutatizika. Kilichotakiwa kilikuwa umbali na rangi ya ngozi, wala si mahali mahususi penye watu na lugha yao. Neno "Mwafrika" katika anwani halimtaji mtu fulani. Limewekwa na mhariri kwa sababu za tangazo. Kwa sababu hiyo, mhakiki anayeanza kwa kuuliza opera hii "inasema nini kuhusu Afrika" atakuwa ameuliza swali ambalo matini yenyewe haina uwezo wa kulijibu.

Ramani Gerezani

Swali lenye manufaa zaidi ni lile la ujuzi. Katika tendo la 1 Vasco anarejea Lisbon akiwa mmoja wa walionusurika katika msafara wa Diaz. Analiletea baraza la mfalme watumwa wawili, Sélika na Nélusko, aliowanunua sokoni Afrika, wawe ushahidi kwamba kuna watu ambao Ulaya haijawajua bado. Baraza linamkataa na kumfunga. Tendo la 2 liko gerezani. Vasco anahangaika na ramani yake, hajui njia ya kupita baada ya rasi yenye tufani. Sélika ndiye anayemwonyesha kwa kidole kisiwa na njia iliyo salama.

Huu ni mkasa wa ajabu katika tamthilia ya karne ya 19. Mvumbuzi hawezi kuisoma ramani yake, na mtumwa aliyemnunua anaweza. Kwa dakika chache uhusiano wao unapinduka: mwenye mamlaka ya kisheria hana elimu, na mwenye elimu hana uhuru. Tofauti hiyo, hata hivyo, haidumu. Sélika hafanyi biashara na ujuzi wake, hadai uhuru wala ujira. Anatoa kwa sababu anampenda. Vasco anamshukuru kwa furaha kuu, na muda mfupi baadaye, Inès, mchumba wake Mreno, anapoingia na kumshuku, anamtoa Sélika kuwa zawadi kwa Inès ili kuthibitisha kwamba hampendi. Njia imekwisha kujulikana, na aliyeionyesha anaweza kutolewa.

Marubani Wawili

Tulinganishe na mambo ya 1498. Vasco alifika Mombasa tarehe 7 Aprili, akiwa ameshuku tangu Msumbiji kwamba marubani aliopewa walikuwa wakimpoteza makusudi. Shajara ya safari hiyo yenyewe inaeleza jinsi Wareno walivyowadondoshea mateka mafuta ya moto wakiwa Mombasa ili wakiri njama. Malindi mambo yalikuwa tofauti. Mtawala wa mji huo alimpa rubani, na msafara ukaondoka tarehe 24 Aprili, kusi ilipokuwa ikianza, ukafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Neno rubani, ambalo leo hutukumbusha ndege, lilikuwa la vyombo vya baharini kwanza, na mwenye cheo hicho aliheshimiwa kwa elimu ya nyota, pepo na miamba. Imedaiwa mara kwa mara kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanazuoni wa ubaharia, lakini wanahistoria wengi wamelitilia shaka dai hilo, na taarifa za Kireno zinamtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat. Thamani ya ujuzi wake inapimika. Wakati wa kurudi, Wareno walipoondoka bila kuyangoja majira ya kaskazi, uvukaji uliochukua chini ya mwezi mmoja uliwachukua takriban miezi 3, na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye.

Camões hakulisahau jambo hili. Katika utenzi wake mfalme wa Malindi ndiye msikilizaji ambaye Vasco anamsimulia historia ya Ureno, na masimulizi hayo yanachukua sehemu kubwa ya kazi. Katika opera Malindi haimo kabisa, wala rubani wake. Lakini kazi zao zimebaki na zimegawanywa kwa wahusika wawili. Sélika anabeba uaminifu wa Malindi. Nélusko, anayefanywa rubani wa meli katika tendo la 3, anabeba hofu ya Wareno kuhusu Mombasa: anaigeuza meli kwa makusudi na kuipeleka kwenye miamba huku akiimba habari za Adamastor, jitu la rasi. Inafaa tukumbuke kwamba Adamastor ni kiumbe wa Camões. Mtu wa mashariki, hata anapopinga, amepewa hekaya ya Kireno aitumie kuwa silaha.

Hatudai kwamba Scribe aliikusudia pwani yetu. Tunachosema ni kwamba masimulizi ya Kireno yalikuwa yamekwisha kuwagawanya watu wa Bahari ya Hindi katika makundi mawili, wasaliti na waaminifu, na opera iliurithi mgawanyo huo. Kundi la tatu, la mtaalamu anayefanya kazi yake kwa mapatano, halikupata sauti.

Muziki Dhidi ya Maneno

Tukiishia kwenye maneno tutakuwa tumeihukumu nusu ya kazi. Wimbo mashuhuri zaidi wa opera hii ni ule wa tendo la 4, Vasco anapokitazama kisiwa kwa mara ya kwanza. Maneno yanasifu uzuri wa nchi na papo hapo kuidai kuwa mali yake. Muziki ni mpole, karibu sala. Waimbaji wengi wameurekodi peke yake, akiwamo Enrico Caruso mwaka 1907, na ukitengwa hivyo husikika kama wimbo wa mapenzi kwa maumbile. Hapo ndipo fani inapoyafunika maudhui.

Tendo la 5 lina mwendo wa kinyume. Sélika anawaachilia Vasco na Inès waondoke kwa meli, kisha anapanda kilima kilichoelekea bahari, palipo na mti ambao harufu ya maua yake inaaminiwa kuua. Mti huo, mancenillier, kwa hakika ni wa pwani za Karibi na Amerika ya tropiki, ithibati nyingine kwamba kisiwa hiki hakina ramani. Lakini utangulizi wa okestra katika onyesho hili, ambapo ala zinashikilia sauti moja pana bila upatanifu, unampa Sélika uzito ambao njama ilimnyima. Vasco amekwisha kuondoka jukwaani. Dakika za mwisho za opera iliyokusudiwa kuitwa kwa jina lake ni za malkia na Nélusko, anayekuja kufa pamoja naye. Muziki unamwomboleza mtu ambaye maneno yalimtumia.

Ufasiri wa Karne Hii

Baada ya kung'ara karne ya 19, kazi za Meyerbeer zilififia. Wagner alikuwa amezishambulia kwa chuki dhidi ya Wayahudi, na Wanazi wakazipiga marufuku. Mwaka 2013 jumba la Chemnitz, Ujerumani, lilicheza matini iliyorejeshwa karibu na ile aliyoiacha mtunzi, kwa jina la Vasco de Gama. Deutsche Oper ya Berlin ikafuata mwaka 2015. Mwaka 2018, mjini Frankfurt, mwelekezi Tobias Kratzer alikihamishia kisa katika anga za mbali, Vasco akiwa mwanaanga. Chaguo hilo linaondoa aibu ya maleba ya "kigeni", lakini pia linamwondoa yule aliyeumizwa katika historia. Sayari isiyo na historia haiwezi kumdai Vasco chochote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba L'Africaine haifasiriwi vyema kwa kuilaani wala kwa kuutetea muziki wake tu. Anwani yake ni ya mhariri, na kisiwa chake ni cha kubuni. Kilicho cha kweli ndani yake ni mtu mmoja kumwonyesha mwingine njia na kutolipwa. Kulirudisha jina la Vasco, kama walivyofanya wahariri wa karne hii, ni haki kwa Meyerbeer. Haki kwa Sélika itadai usomaji unaoanzia kwenye ramani ya gerezani, na unaomuuliza mwenye kuishika kalamu aliipata wapi elimu yake. Sisi tunaosoma kutoka pwani aliyoondokea rubani wa 1498 tunacho cha kuchangia katika usomaji huo, kwa kuwa upande wa bahari uliokosekana katika opera hii ndio upande wetu.